Milango Ishirini na Minne ya Mkunga

Shikeni fumbo hili kabla sijaanza. Nyumba nzima inanitegemea, nami nimeshikwa upande mmoja tu. Ukifurahi unanifungua. Ukikasirika unanibamiza. Mimi ni nani?

Aliyesema mlango amepata. Basi hadithi yetu ni ya milango, na ya mume na mke walioitengeneza.

Mume alikuwa seremala. Watu walimwita Fundi Ufito, na jina hilo lilimkaa vizuri. Mafundi wengine wakienda kupima hutoa futi mfukoni. Yeye alibeba ufito, yaani kipande cha mbao chembamba na kirefu. Aliusimamisha pale mlango utakapokaa, akakata alama ya urefu kwa patasi. Kisha akaulaza, akakata alama ya upana upande wa pili. Alikuwa akisema namba huteleza kichwani, lakini alama ya patasi haitelezi. Baba yake alipima hivyo, naye hakuona sababu ya kubadili.

Mkewe aliitwa Mama Pacha, kwa kuwa uzazi wake wa kwanza ulileta mabinti wawili kwa mpigo. Yeye alikuwa na mkono wa msasa na vanishi. Mlango ukitoka kwake ulikuwa laini kama shavu la mtoto. Pia alimaliza shule ya msingi, wakati mumewe aliishia darasa la pili. Kwa hiyo barua na risiti zote alisoma yeye.

Karakana yao ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la bati. Asubuhi ungesikia randa ikienda na kurudi, shwaa, shwaa. Maranda yaliwafika kwenye vifundo vya miguu. Ukutani ziliegemea fito za kazi zinazoendelea. Kazi ikiisha, ufito wake uliingia jikoni ukawa kuni. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Mama Pacha alichukia vitu visivyo na kazi, na ufito mkavu huwasha moto kwa haraka ajabu.

Siku moja walikuja wageni wawili. Wa kwanza alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya upole. Alikuwa anajenga kliniki ndogo ya kina mama wajawazito. Wa pili alikuwa msimamizi wake wa ujenzi. Huyu hakuvua kofia yake ngumu ya kazini hata akiwa kivulini, hata akila. Mafundi walimwita Kofia Ngumu. Walianza kumwita hivyo akiwa hayupo, wakazoea, wakamwita hivyo hata akiwapo.

Mkunga alitaka milango ishirini na minne ya mbao ngumu. Alisema yeye ana mengi ya kufuatilia, hawezi kuja kila siku.

"Mambo yote ya milango mtaongea na huyu," alimwambia Fundi, akimwonyesha msimamizi. "Mtakachokubaliana naye, mmekubaliana na mimi."

Kesho yake Fundi alikwenda kupima. Sakafu ya jengo ilikuwa ya saruji tupu. Fremu zote zilikuwa na urefu mmoja, na upana wa aina tatu. Basi fito tatu zilitosha. Kofia Ngumu mwenyewe alishika ncha ya chini, Fundi akakata alama juu. Wiki iliyofuata Fundi alipeleka mlango wa kwanza. Waliufunga kwenye chumba cha kuwekea saruji, ambacho wao walikiita stoo. Kofia Ngumu aliufungua na kuufunga mara tano. Aliinama, akapitisha kiganja chini yake.

"Hivi hivi," alisema. "Wote ishirini na minne wawe hivi."

Wakapeana mikono. Mkunga akatoa malipo ya awali. Fundi na mkewe wakaongeza kila walichokuwa nacho, wakanunua mbao. Hakuna kilichoandikwa. Hata mstari mmoja.

Walifanya kazi wiki saba. Fundi alikata, akaranda, akaunga. Mama Pacha alisugua mpaka vidole vikapoteza alama zake. Mapacha wakirudi kutoka shule walishika brashi. Mlango wa mwisho ulipokauka, Mama Pacha aliangalia karakana. Mbao zilikuwa zimeisha kabisa. Zote zilikuwa zimegeuka milango. Alizikusanya zile fito tatu, akazivunja gotini, akachemshia chai. Walikunywa chai hiyo kwa raha zao, miguu juu ya benchi.

Milango ikapakiwa, ikashushwa nje ya kliniki. Asubuhi ya pili Fundi alikwenda na bawaba na bisibisi kuifunga. Alipoingia, alisimama. Sakafu ilikuwa inang'aa. Ilikuwa imewekwa vigae vyeupe kila chumba alichoingia.

Alijaribu mlango wa kwanza. Ulikataa kuingia. Alijaribu wa pili. Ulikataa vilevile. Kila mlango ulizidi kwa upana wa vidole vitatu.

Kofia Ngumu alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani. Alisema milango ni mirefu. Fundi akamjibu kwamba milango haijarefuka, sakafu ndiyo imepanda. Kofia Ngumu akasema alimwambia mapema aache nafasi ya vigae. Fundi akasema hakuambiwa kitu kama hicho.

"Sawa," alisema Kofia Ngumu. "Basi lete hizo fito zako tupime. Si ndizo unazojivunia?"

Fundi aliweka bisibisi chini. Fito zilikuwa majivu.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne, Kofia Ngumu alikuja karakana na karatasi. Alisema ni barua tu, Fundi aweke sahihi chini kuonyesha kwamba ameipata. Alikuwa na haraka, pikipiki yake ilikuwa inanguruma nje. Fundi akachukua kalamu. Siku hiyo alikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu hutaka mambo yaishe upesi.

Mama Pacha alitoka nyuma, mikono imejaa vanishi. Akaifuta kwa kitambaa taratibu, kidole kimoja kimoja. Akamwambia mumewe asubiri, yeye asome kwanza. Kofia Ngumu akasema barua yenyewe ni fupi, haina haja ya kusomwa.

"Kama ni fupi, haitatuchelewesha, shemeji," alisema Mama Pacha.

Akaisoma huku kidole kikitembea chini ya maneno. Barua ilisema milango yote imekataliwa. Ilisema karakana itengeneze mingine kwa mbao zake yenyewe ndani ya siku kumi na nne. Wakishindwa, kazi atapewa fundi mwingine. Mwisho kabisa, juu ya mstari wa sahihi, kulikuwa na maneno madogo. Mama Pacha aliyasoma kwa sauti.

"'Mimi fundi nakubali kwamba kosa la kipimo ni langu.'"

Akamgeuzia Kofia Ngumu karatasi.

"Hapa hapasemi ameipata," alisema Mama Pacha. "Hapa panasema amekosa."

Alichukua kalamu mkononi mwa mumewe. Akaandika chini: Nimeipokea barua hii leo, sijakubali yaliyomo. Akaandika tarehe. Akamwambia Fundi sasa aweke sahihi. Kofia Ngumu aliitazama karatasi kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza. Aliwaachia nakala, akaondoka na moshi wake.

Alipoondoka, mume na mke wakaanza wao kwa wao. Fundi alitaka kwenda kuomba radhi. Alisema atapunguza milango bure, hata kama itamchukua wiki mbili, mradi jina lake libaki. Mama Pacha alikataa. Alisema ukiomba radhi kwa kosa ambalo si lako, kesho utaletewa jingine. Fundi akauliza wana nini cha kuonyesha. Fito ziko wapi?

"Ushahidi wetu tumeunywa na chai," alisema Mama Pacha.

Hata yeye alicheka kidogo, kicheko cha uchungu. Wote wawili walijua hali ilivyo. Mbao zao zote zilikuwa ndani ya milango ile. Milango ikikataliwa, hawana mbao nyingine. Bila mbao, hakuna karakana.

Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi mama mmoja mfugaji wa bata. Zamani alifanya kazi mahakamani, dirishani, miaka ishirini na tisa. Kila karatasi ya kesi ilipita mikononi mwake ikapata muhuri. Ndiyo maana aliitwa Mama Muhuri. Alikuwa na tabia moja. Akimaliza jambo, alijipiga goti kwa ngumi, pu, kama anagonga muhuri.

Walimwendea, wakamkuta akiwamwagia bata pumba. Aliwakaribisha kwenye viti vya kamba, akawasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza. Kisha akasema:

"Sasa nipe na ile nusu uliyoificha, mwanangu. Usiponiambia wewe, ataisema huyo msimamizi, na ataipamba."

Fundi alijikuna kichwa. Mkewe alimtazama. Basi Fundi akakiri kwamba milango miwili ina kasoro. Mmoja una ufa kwenye fundo la mbao. Mwingine ubao wake wa kati umelegea. Alikuwa na mpango wa kuirekebisha pale pale kliniki, kabla mtu hajaona.

"Hiyo miwili ni yako," alisema Mama Muhuri. "Utaitengeneza bure, tena utaisema mwenyewe kabla hujaulizwa." Akagonga goti. "Tumemaliza hiyo. Sasa tegueni hili. Wazazi wake ni wawili. Amezaliwa mdomoni. Hana mwili wala mikono, lakini anamfunga mtu mzima."

Fundi alisema ni deni. Mama Muhuri akatikisa kichwa. Mama Pacha akasema ni neno.

"Umekaribia. Ni makubaliano."

Fundi akasema wao hawana makubaliano, maana hawakuandika kitu. Mama Muhuri alicheka mpaka bata wakasogea. Aliwaambia hilo ndilo kosa alilolisikia dirishani mara nyingi kuliko yote. Watu wengi hudhani neno la mdomo si kitu mbele ya sheria. Si kweli. Yapo mambo ambayo sheria hutaka yaandikwe, kama kuuza ardhi au nyumba. Lakini katika kazi za kila siku, kama kushona nguo, kununua mahindi au kutengeneza milango, kwa kawaida mtu anafungwa na neno lake. Karatasi haizai makubaliano. Karatasi inayakumbuka.

Akawauliza maswali, polepole. Je, upande mmoja ulisema unataka nini, kwa bei gani? Fundi akajibu ndiyo, milango ishirini na minne, na bei ilitajwa. Je, upande wa pili ulikubali? Ndiyo. Je, kila upande ulitoa kitu au uliahidi kutoa kitu? Ndiyo, wao walitoa malipo ya awali, sisi tukatoa kazi. Je, kuna aliyelazimishwa, au aliyekuwa mtoto, au aliyedanganywa? Hapana.

"Basi makubaliano yamezaliwa, na ni mazima," alisema Mama Muhuri. Pu, gotini. "Sasa tuone nani aliyabadilisha."

Mama Pacha aliuliza jambo lililokuwa linamsumbua. Mkunga hakuwepo siku ya kupima. Je, si anaweza kusema yeye hakukubali chochote?

Mama Muhuri akatega fumbo jingine. Niko jikoni kwangu nakaanga vitunguu, na mdomo wangu uko sokoni unapatana bei. Safari hii Fundi alipata. Alisema ni mtu uliyemtuma. Mama Muhuri akampongeza. Akaeleza kwamba Mkunga alimweka msimamizi mbele yao, akasema atakachokubali huyo ni sawa na kukubali yeye. Kwa hiyo, katika mambo ya milango, neno la msimamizi ni neno la Mkunga. Hawezi kulichukua likimfaa na kulitupa lisipomfaa.

"Lakini yeye anasema alitaja vigae," alisema Fundi. "Mimi nasema hakutaja. Neno langu na neno lake."

"Fito zimeungua. Sawa," alisema Mama Muhuri. "Hizo fito zilizaa nini cha kwanza?"

Fundi alijipiga paji la uso. Akautaja mlango wa stoo.

Mama Muhuri akasogeza kiti. Akawaambia huo ni mfano, yaani sampuli. Mtu akionyeshwa sampuli, akaishika, akaikubali, akasema nyingine zote ziwe hivyo, basi sampuli imekuwa kipimo cha mapatano. Muuzaji lazima alete kama ile. Na akileta kama ile, mnunuzi hawezi kusema alitaka nyingine. Akitaka kubadilisha baadaye, anaruhusiwa kuomba. Lakini mabadiliko nayo yanahitaji pande mbili, kama makubaliano yalivyohitaji. Mtu mmoja hawezi kuyabadilisha peke yake halafu mwenzake abebe hasara.

Akawapa kazi tatu. Waandike barua kwa Mkunga mwenyewe, si kwa msimamizi. Wawe na nakala, na aliyeipokea atie sahihi na tarehe. Na watafute jibu la swali moja: vigae viliamuliwa lini?

"Na wewe mama utakuja kutusemea?" aliuliza Mama Pacha.

"Mimi nina bata. Midomo mnayo."

Basi Mama Pacha alikaa kwenye benchi la karakana, akachana karatasi mbili katikati ya daftari la mapacha. Aliandika mara ya kwanza, akafuta. Akaandika tena. Barua ilikuwa hivi:

Kwa Mama Mkunga, mwenye kliniki. Tulikubaliana na msimamizi wako tukutengenezee milango ishirini na minne kwa mfano wa mlango wa stoo. Aliuona mfano, akaukubali. Tumetengeneza kwa mfano huo. Sakafu imewekwa vigae baada ya sisi kupima, na hatukuambiwa. Milango miwili ina kasoro zetu sisi, nayo tutaitengeneza bila malipo. Tunaomba tukutane jengoni, tupime pamoja, kabla hujampa kazi mtu mwingine.

Mkunga aliipokea nyumbani kwake, akaisoma akiwa amesimama. Akatia sahihi kwenye nakala yao. Alisema waje Ijumaa asubuhi, naye atakuwepo.

Usiku wa kuamkia Ijumaa Fundi hakugusa chakula. Mkewe alikula cha wote wawili, akasema mmoja wao lazima awe na nguvu ya kuongea.

Walipofika, Kofia Ngumu alikuwa tayari ametandaza maneno yake. Alikuwa anamweleza Mkunga kwamba huyu fundi anapima kwa vijiti, kama mtoto anayecheza. Alisema yeye alionya kuhusu vigae tangu siku ya kwanza, akapuuzwa. Sasa mama atacheleweshwa kufungua kliniki kwa ajili ya mtu asiye na futi.

Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho. Alimwamkia Mkunga. Akaomba waende stoo.

Stoo haikuwa na vigae. Hakuna anayeweka vigae kwenye chumba cha saruji. Mlango ulikuwa umefungwa, umekaa sawa sawa, chini yake pana nafasi ya kupitisha kiganja tu. Mama Pacha aliufungua, ukaenda bila sauti. Akaufunga, ukajibu tki.

"Mama, huu ndio mlango wa kwanza," alisema. "Msimamizi aliukubali kwa niaba yako. Alituambia wote ishirini na minne wawe hivi. Naomba yeye mwenyewe aupime, kwa futi yake."

Kofia Ngumu hakutaka, lakini Mkunga alikuwa anamtazama. Akapima urefu, akataja namba. Kisha Mkunga akasema wapime na ile mingine. Wakapima mlango mmoja, wa tatu, wa saba. Namba ilikuwa ile ile. Mkunga mwenyewe akachagua mmoja wa chini kabisa ya rundo, ikabidi watu watatu waunyanyue. Namba ile ile.

"Sasa," alisema Mama Pacha, "kama siku ile vigae vingetajwa, mlango huu wa stoo ungeachiwa nafasi ya vidole vitatu chini. Msimamizi alipitisha mkono akaona hakuna nafasi hiyo. Akasema hivi hivi. Swali letu ni moja, mama. Vigae viliamuliwa lini?"

Kofia Ngumu alifungua mdomo. Mkunga aliinua kiganja, akamzuia.

"Hilo nalijibu mimi," alisema. "Vigae niliviamua mwenyewe. Nilitaka saruji tupu. Kisha nikakumbuka jinsi saruji inavyokunywa damu, haisafishiki. Nikabadili mawazo. Ilikuwa mwezi uliopita. Milango ilikuwa imeagizwa wiki nne kabla ya hapo."

Akamgeukia msimamizi wake. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Ungewezaje kumwonya kuhusu vigae ambavyo mimi mwenyewe nilikuwa sijavifikiria?"

Mwashi mmoja aliyekuwa akipita na karai alisimama kusikiliza. Karai likamwelemea, hakulitua.

Kofia Ngumu akavua kofia. Wengi pale walikuwa hawajawahi kukiona kichwa chake. Kilikuwa na upara mdogo, wa duara, unang'aa kuliko vigae. Akaukuna. Akasema alisahau. Mama alipobadili sakafu, yeye alipaswa kupeleka habari karakana, na shughuli zikamzidi. Alipoona milango haiingii, aliogopa kupoteza kazi. Akaona ni rahisi kosa likalie upande wa fundi.

Mkunga alitazama rundo la milango. Akapitisha mkono juu ya ule wa juu, pale Mama Pacha alipousugua.

"Nimepima watoto wachanga miaka thelathini," alisema. "Sijaona mtoto aliyerefuka kwa sababu tumeinua godoro. Milango hii ni yangu. Naipokea."

Fundi Ufito alikaa chini, juu ya mfuko wa saruji.

Lakini kazi ilikuwa bado. Milango ilipaswa kupunguzwa vidole vitatu. Fundi alieleza kwamba inawezekana, kwa sababu ubao wa chini wa kila mlango ni mpana. Mkunga akauliza ni lini wataanza. Fundi alikuwa anataka kusema leo. Mkewe akamkanyaga mguu.

Akasema kupunguza ni kazi mpya, haikuwamo kwenye mapatano ya kwanza. Kwa hiyo wapatane upya, na safari hii waandike. Mkunga akasema hilo ndilo angelifanya tangu mwanzo kama asingekuwa na haraka. Wakageuza ndoo, wakaweka kipande cha ubao juu, ikawa meza. Mama Pacha akaandika majina ya pande mbili. Akaandika kazi ni ipi, milango mingapi, ipunguzwe kiasi gani, na bei. Akaandika siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Fundi akaongeza, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba mtu akitaka kubadilisha chochote, atasema, na wote wawili wataandika na kutia sahihi. Akaongeza pia ile milango miwili, kwamba hailipwi. Wakatia sahihi nakala mbili, mwashi akawa shahidi. Hapo ndipo alipolitua karai.

Siku sita baadaye milango yote ilikuwa imesimama. Mkunga alitembea chumba kwa chumba, akifungua na kufunga. Tki. Tki. Tki. Mapacha walimfuata nyuma wakihesabu kwa sauti. Walipofika ishirini na minne, mafundi wote wa jengo walikuwa wameacha kazi wanasikiliza, na mtu mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, hata yule mwashi mwenye saruji mikononi. Fundi Ufito alijifanya anakagua bawaba. Alikuwa anafuta macho.

Kliniki ikafunguliwa kwa siku yake. Waliokuja kuitazama waliuliza milango ile imetoka wapi. Kabla msimu haujaisha karakana ilipata kazi ya shule, na kazi ya ghala, na mbao zikarudi kujaa ukutani. Fundi hakuacha fito zake. Ila sasa kila ufito una sahihi ya mwenye kazi, kwa kalamu ya mafuta, pamoja na tarehe. Hauendi jikoni mpaka kazi ipokelewe, ilipwe, na barua ya kupokea iwe mkononi. Na kila ufito una karatasi yake kwenye faili la bluu. Fundi ameanza kujifunza kuzisoma. Anasoma kwa sauti, mapacha wanamsahihisha bila huruma.

Asubuhi moja pikipiki ilinguruma nje. Alikuwa Kofia Ngumu, kofia ameishika mkononi. Alikuwa amemaliza nyumba yake mwenyewe, anataka milango mitano. Alisema angeweza kwenda karakana yoyote, lakini anajua ni wapi milango yote hutoka na namba ile ile.

Mama Pacha alimpa kiti. Akamletea maji ya kunywa. Kisha akatoa karatasi na kalamu, akaviweka mbele yake.

Kofia Ngumu aliitazama karatasi, akacheka. Akasema haya yote ya nini, wao si watu wanaofahamiana?

"Ndiyo maana, shemeji," alisema Mama Pacha. "Nataka tuendelee kufahamiana."

Kofia Ngumu akavuta kiti karibu na dirisha, penye mwanga. Akaisoma yote, mpaka mstari wa mwisho. Halafu akaisoma tena, ndipo akatia sahihi.